Kifungua mimba hazaliwi na uongozi, hukabidhiwa

Ndugu mzazi, umeeleza kwamba binti yako wa kwanza ana bidii na huwaongoza wenzake, ilhali mziwanda wako anategea kazi, nawe unauliza kama nafasi zao za kuzaliwa ndizo zitakazoamua nani atafanikiwa. Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto sita wa Muheza, mkoani Tanga, na ninaamini nafasi hiyo ina uzito mkubwa, ingawa si kwa njia tunayozoea kuisema.

Nilizaliwa mwaka 1982. Nilipofikisha miaka minane nilikuwa nimekwisha kubeba wadogo zangu wawili mgongoni, nasonga ugali wa nyumba nzima, na chombo kikivunjika naulizwa mimi hata kama sikuwapo. Waliosema mkubwa ni jalala walikuwa wanaeleza hali hiyo hasa. Majirani walinisifu kwamba nimezaliwa na utu uzima, nami niliamini, mpaka nilipoajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Tanga, ambako hakuna aliyenijua kama dada mkubwa, nikajikuta mtu mkimya nisiyependa kumwamuru yeyote.

Mziwanda wetu, aliyezaliwa mwaka 2002, tulimhesabu kuwa mtoto wa kudekezwa. Mwaka 2022 mama alipatwa na kiharusi wakati sisi wakubwa tukiwa mbali, na kijana huyo, akiwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo, ndiye pekee aliyekuwa nyumbani. Alimwogesha, akamlisha, akasimamia dawa na kliniki, na akawakatalia kwa heshima ndugu wa baba waliotaka mgonjwa aondolewe hospitali. Uwezo huo alikuwa nao siku zote. Sisi tulikuwa tumesimama mbele yake.

Mwaka 2007 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya vijana zaidi ya 240,000 waliopimwa akili walipoandikishwa jeshini. Vifungua mimba waliwazidi wa pili kwa wastani wa alama kama mbili hivi, lakini wale wa pili ambao mkubwa wao alifariki akiwa mchanga walilingana na vifungua mimba. Maana yake ni kwamba malezi ndiyo yaliyohesabika, wala si mpangilio wa mimba. Kuhusu tabia, uchambuzi wa mwaka 2015 uliohusu watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani haukuona kwamba mzaliwa wa kwanza ana bidii au uchangamfu kuliko wadogo zake.

Hata hivyo, faida ile ndogo ya Norway kwetu inaweza kumezwa na ada. Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2000 matokeo yangu yaliniruhusu kuendelea, ila nyuma yangu walikuwapo wawili waliosubiri ada, nikaenda kutafuta kazi. Mziwanda aliingia kidato cha kwanza Januari 2016, mwezi uleule serikali ilipoanza kutekeleza elimu bila ada hadi kidato cha nne, na sare, madaftari na nauli vikalipwa na dada na kaka wenye mishahara. Sasa anasomea uhandisi. Anayetutazama kwa mbali atasema ana akili kunizidi, bila kujua kwamba kila mmoja wetu aliikuta nyumba katika mwaka tofauti.

Kwa hiyo, mchunguze binti yako kama bidii ile ni hiari yake au ni kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kutumwa. Mimi wanangu wawili, wa miaka 12 na 7, nimewagawia zamu sawa za kuosha vyombo. Wiki mbili za mwanzo mdogo alilia na sufuria zilibaki na masizi. Dada yake alipoinuka kumpokea, nilimwomba aketi, na ilimwia vigumu kuliko kuosha. Siku hizi mdogo hukumbuka zamu yake mwenyewe, na mkubwa jioni hutoka kucheza rede na wenzake.