Swali la lugha: nikikosoa usoshalisti, niandike "ujamaa"?

Marahaba mdogo wangu. Naliweka swali wazi ili na wengine walione: kijana wa Kasulu yuko chuo hapa Tabora, kapewa kazi ya kuandika insha ya kukosoa nadharia ya usoshalisti (socialism, ile ya njia za uzalishaji kumilikiwa na umma), kaandika "ujamaa" mwanzo mwisho, likizo akaenda nayo nyumbani akamsomea babu yake, babu akawaka, akamwambia unamtukana Mwalimu Nyerere. Sasa anauliza, ujamaa na usoshalisti ni kitu kimoja au viwili? Na kukosoa ni kutukana?

Kamusi haikukatazi, ujamaa ndo neno tunalotumia miaka yote hata kwa nchi za Ulaya, tulikuwa tunasema "nchi za kijamaa" na kila mtu anaelewa ni Urusi na wenzake. Lakini kwenye insha ya kukosoa mimi niko upande wa babu.

Angalia neno lenyewe. Jamaa limetoka Kiarabu, kundi la watu waliokusanyika, ni mzizi mmoja na jamii, jumuiya na hata Ijumaa. Kwetu likakaa likawa watu wa nyumbani, ndugu, ukaliwekea u- ukapata ujamaa, yaani ule undugu wenyewe. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, ambaye hapa Tabora alisoma na baadaye akafundisha, alipoandika kuhusu ujamaa alilichukua neno hilo kwa makusudi kabisa, alitaka watu wasikie nyumbani kwao. Na humo humo alisema ujamaa wake unapinga ubepari na vilevile unapinga ule usoshalisti unaoamini kwamba watu lazima wapambane ili jamii njema ipatikane. Sasa wewe ukiita fundisho la Marx, yule Mjerumani wa mapambano ya matabaka, "ujamaa" tu bila kuongeza kitu, unamfanya Mwalimu ajipinge mwenyewe! Msomaji anasoma kwamba ujamaa unategemea mapambano ya matabaka, ukurasa unaofuata anasoma kwamba ujamaa hauyakubali, anabaki anashangaa.

Alafu neno hilo lina mzigo mwingine na huku kwetu ndo mzito zaidi. Operesheni Kigoma, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ilikuwa 1972, mwaka mmoja kabla ya agizo la nchi nzima kwamba kuishi vijijini ni lazima, kwa hiyo mzee wa Kasulu au Kibondo ukimtajia ujamaa hafikirii vitabu, anakumbuka kuhamishwa, migomba iliyoachwa kule na kuanza upya kwenye mstari wa nyumba, na wengine wanakumbuka shule na zahanati iliyofika baada ya hapo, na mzee huyo huyo anaweza kuwa na uchungu wa kuhamishwa na bado akampenda Mwalimu kwa moyo wote. Hilo neno usilishike ovyo.

Wakosoaji wenyewe nao kila mmoja analenga kwake. Mises, mchumi wa Austria, mwaka 1920 alisema serikali ikimiliki viwanda na mitambo yote, hakuna soko la vitu hivyo, hakuna bei, na bila bei wapanga mipango hawawezi kupiga hesabu ya kipi kina faida na kipi ni hasara. Hiyo ni hoja juu ya uchumi wa kupangwa na serikali kuu, iite usoshalisti, sawa kabisa. Djilas, aliyekuwa kiongozi wa juu Yugoslavia, yeye miaka ya 50 alisema viongozi wa chama wamegeuka tabaka jipya, na alikuwa anausema ukomunisti aliouona kwa macho yake. Ukimtafsiri "ujamaa umezaa tabaka jipya", Mtanzania atajua unaongelea TANU, chama cha Mwalimu, wakati Azimio la Arusha la 1967 liliogopa jambo hilo hilo ndo maana likaweka miiko, kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Fundisho la Marx lina jina lake, Umaksi. Siasa ya kwetu iandike kwa jina kamili, Ujamaa na Kujitegemea.

Kwenye insha yako nimeona pia umechanganya kijamaa na kijamii. Herufi mbili tu za mwisho lakini sera za kijamii ni za afya, elimu, wazee, hata nchi ya kibepari inazo. Ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi yetu ni ya kidemokrasia na ya kijamaa, weka "kijamii" pale uone maana yote inavyokimbia.

Na bepari usimgawe kila mahali. Neno limetoka India, lilikuwa ni mfanyabiashara tu, lakini kwenye nadharia bepari ni mwenye mali ya kuzalishia anayeajiri nguvu ya wengine. Mama anayenunua dagaa pale Kibirizi, Kigoma, akaja kuuza Tabora kwa mikono yake mwenyewe siyo bepari kwa maana hiyo, mwenye boti kumi na nyavu na vijana wa kumvulia, huyo sasa tunaweza kumjadili.

Kukosoa siyo kutukana, mwambie babu hivyo kwa heshima. Angalia choma, ya mwiba siyo ya moto, na chomoa, kile kilichoingia unakitoa. Kosa na kosoa ni vile vile, unalitoa kosa lililomo. Wanaotukana siku hizi tunasema wanaponda, na kuponda hakuhitaji hata kusoma.

Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza, "Ujamaa ulishindwa kwa sababu hauna bei", ifute. Andika: "Mises alidai mwaka 1920 kwamba usoshalisti hauwezi kupiga hesabu za uchumi kwa sababu njia za uzalishaji hazina bei ya soko." Aya ya Mwalimu iweke peke yake, na ya vijiji peke yake, alafu ukirudi Kasulu msomee babu tena, na hiyo ya vijiji muombe akusahihishe maana yeye alikuwepo.