Maswali ya Wasomaji: Mikaratusi au Miti ya Asili?

SWALI: Kikundi chetu kinataka kurejesha uoto katika eneo lililoharibiwa na wachoma mkaa karibu na msitu wa Kazimzumbwi, Kisarawe. Je, tupande mikaratusi kwa kuwa hukua haraka? (Msomaji, Chanika, Dar es Salaam)

JIBU: Mikaratusi itawapatia nguzo na kuni, lakini haitawarudishia msitu. Ikiwa eneo hilo limo ndani ya hifadhi, ombeni kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Kabla ya kununua mche wowote, kagueni visiki, kwa sababu miti mingi ya asili iliyokatwa kwa ajili ya mkaa huchipua tena, na chipukizi linalolishwa na mizizi ya zamani hustahimili kiangazi kuliko mche mchanga. Bakizeni machipukizi mawili au matatu yenye nguvu katika kila kisiki, kisha mpunguze mengine. Kazi hii haivutii wapiga picha, lakini gharama yake ni ndogo.

Palipobaki wazi kabisa, pandeni mvule, mkongo au mpingo, ingawa mpingo hutaka subira ya miongo mingi. Katika bustani ya miche, geuzeni kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche) na mtazame chini: mizizi iliyojiviringa ni dalili kwamba mche umekaa humo mno. Pandeni masika yakishakolea, ondoeni kiriba chote, palilieni nyasi kwa miaka ya mwanzo, na mlime barabara ya kuzuia moto kabla ya kiangazi.