Kisu cha Mashine ya Randa Kikigeuka Buluu

Swali: Nimetengeneza kishikio cha mbao kinachoteleza mbele ya jiwe la grainda ili ninoe visu vya mashine ya randa kwa pembe ya digrii 40. Visu ni vya zamani na havina alama ya HSS (chuma cha aloi kinachostahimili joto). Makali yanageuka buluu, na nikiranda mbao chache tu za mninga yanakuwa butu. Fundi jirani anashauri nivipashe moto hadi viwe vyekundu, kisha nivichovye katika oili chafu. Je, ni sawa?

Jibu: Usivichovye. Kazi ya kishikio ni kutunza pembe, na chako kinaitunza. Kinachokusumbua ni joto. Rangi ya buluu hutokea chuma kinapofikia takriban nyuzi 300 za Selsiasi, na chuma cha kaboni, ambacho huenda ndicho cha visu vyako visivyo na alama, kikifika hapo huwa kimekwisha kupoteza sehemu ya ugumu wake. Kufuta rangi kwa msasa hakusaidii, kwa kuwa ulaini umeingia ndani. Saga taratibu mpaka ufikie chuma kizima.

Jiwe lililoziba husugua badala ya kukata, kwa hiyo lichonge uso kwanza. Pitisha kisu kwa mguso mwepesi bila kukisimamisha, na uache ukingo ukiwa butu kwa unene wa nusu milimita hadi hatua ya mwisho, kwa sababu ncha nyembamba haina pa kupeleka joto. Weka bamba la chuma chini ya kisu, maana mbao haipokei joto, kisha malizia kwa kinoo.

Ushauri wa oili chafu nausikia kila mara, na unanikera kwa sababu una chembe ya ukweli. Chuma cha kaboni hukazwa kweli kwa kupashwa hadi nyuzi 800 hivi na kupozwa ghafla, lakini kikitoka hapo huvunjika upesi, na ni lazima kipashwe tena kwa nyuzi 200 hivi, hatua ambayo washauri hao hawaitaji kamwe. Kisu kirefu chembamba, tena, hupinda. Kwa chuma cha HSS, kinachohitaji karibu nyuzi 1,200, jiko la mkaa ni mzaha.

Wapo wanaokazia visu vya wateja namna hiyo kwa malipo. Kisu cha aina hiyo huweza kuwa na nyufa zisizoonekana, nacho hufungwa katika mhimili unaozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, mbele ya tumbo la anayesukuma ubao. Ukirudishiwa kisu cheusi kinachonuka oili, usikifunge. Nunua kipya pamoja na wenzake, ili uzito ulingane.