Ugali na maziwa havimtoshi

Kaka, umeuliza kuhusu mtoto wako wa mbwa, German Shepherd (mbwa wa aina kubwa) wa miezi 3, anayekula ugali wa uwele na maziwa lakini ana tumbo kubwa na mbavu zinaonekana: vyakula hivyo pekee havimjengi. Tumbo kubwa na mbavu nje? Hapo nashuku minyoo, anza kwa daktari wa mifugo. Kisha ugali uwe kidogo, uchanganye na dagaa waliooshwa chumvi ikatoka, yai la kuchemsha au maini kidogo, mara 3 kwa siku hadi miezi 6. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Ukiweza chakula cha mbwa cha dukani, chukua kilichoandikwa cha watoto wa mbwa. Na kwa German Shepherd usiongeze kalsiamu, itamharibu mifupa. Vitunguu kwenye mabaki ya mchuzi ni sumu kwake. Na joto hili la Dodoma, bakuli la maji lisikauke.