Muulize Anti: Mama mkwe anakuja, tumpeleke kwa Waperu?

Anti shikamoo. Mi naishi Silver Spring hapa Maryland, mama mkwe anakuja mwezi ujao kutoka Tanga na wifi yangu ameng'ang'ania tumpeleke mgahawa wa Waperu, anasema Washington nzima hamna kuku kama wale. Nikachungulia menyu nikaona samaki asiyepikwa na moyo wa ng'ombe, nikachoka. Mama ni mtu wa swala tano, nguruwe na pombe hataki hata harufu. Tunafanyaje?
*Mkwe mwenye wasiwasi, Silver Spring*

Marahaba mwanangu. Wifi yako yuko sahihi ila hajakwambia yote. Watu wanaingia mgahawa wowote wa Kiperu wanaagiza chochote, halafu wanatoka wanalalamika, kumbe walienda kula samaki kwenye duka la kuku.

Nyie mnataka pollería, yale maduka ya kuku wa mkaa, unaagiza kaunta unabeba trei mwenyewe, kuku wamechomekwa kwenye vyuma wanazunguka mbele ya moto. Huku kwetu yamejaa kwa sababu Waperu wengi walihamia miaka ya 80, kwao kulikuwa na vita vya waasi wa Sendero Luminoso na hela yao ilishakufa, na mojawapo ya maduka hayo, El Pollo Rico ya Arlington, ipo tangu 1988. Mapishi yenyewe wala si ya kale, yalianza 1950, kuna Mswisi anaitwa Roger Schuler alikuwa anafuga kuku Chaclacayo, nje kidogo ya Lima, biashara ikamgomea akaona bora awachome auze, na mwanzoni ilikuwa chumvi na moto basi. Bizari nyembamba, kitunguu saumu na soya sosi vilikuja baadaye.

Sasa hapo kwenye viungo ndo pa kuuliza, maana wapishi wengi wanamlaza kuku kwenye bia. Piga simu kabla mama hajapanda gari, uliza mambo mawili tu, mnaweka bia au wain, na kuku ni wa halali? Usione aibu, wanaulizwa sana. Zipo chache zimebandika halali dirishani, nyingi hamna, na wakikujibu kwa kusitasita achana nao tafuta nyingine.

Ukishapata, chips waachie watoto. Chukua muhogo wa kukaanga na ndizi mbivu, mama mwenyewe atashangaa Marekani gani hii. Maharage uliza kwanza, kuna wanaotia nyama ya nguruwe. Sosi ya kijani omba vikopo vya ziada, ni pilipili na jani lao linaitwa huacatay, inawasha kweli na bila hiyo umekula nusu ya chakula. Na nendeni saa zenye watu, mchana au jioni mapema, kuku anatoka motoni anaenda sahanini, ukienda usiku wakati wanataka kufunga utapewa aliyekaa akakauka halafu uje unilaumu mimi.

Samaki uliyemuona ni ceviche. Anakatwa vipande anamwagiwa ndimu nyingi, kitunguu, pilipili na chumvi, ndimu inamfanya awe mweupe kama aliyepikwa lakini haiui wadudu wote kama moto, kwa hiyo mtu mzima aliyetoka safari ndefu mi nisingempa, na mjamzito pia hapana. Wewe na wifi kuleni, ila kwenye mgahawa wa samaki wenyewe na iwe mchana. Lima kwenyewe cevichería, yaani migahawa ya ceviche, nyingi ni za mchana, jioni zimeshafunga. Ceviche inaletwa na kiazi kitamu pembeni na mahindi ya kukaanga, usiviache, ndo vinapoza ule ukali.

Kuhusu moyo wa ng'ombe naomba uufikirie upya. Anticucho ni mishikaki, hamna jina lingine, siki na bizari na pilipili nyekundu juu ya mkaa, na Waperu wenyewe wanakwambia ni chakula cha Weusi wa kwao, waliopelekwa Peru utumwani (utumwa ulifutwa kule 1854) na ndani ya ng'ombe ndo ilikuwa fungu lao. Tacu tacu nayo inatoka kwao, wali na maharage ya jana vinakaangwa pamoja hadi vinashika rangi. Mama akila hivyo viwili wifi yako atasahaulika.

Kaeni mbali na arroz chaufa, wali wa kukaanga wa Wachina wa Peru, wakati mwingine una nguruwe, na lomo saltado, nyama ya ng'ombe ya kukaanga na vitunguu na nyanya, uliza kwanza, kuna wapishi wanamwagia pombe ili moto uruke. Kinywaji mpe chicha morada, mahindi ya zambarau yamechemshwa na nanasi, mdalasini na karafuu, haina kilevi. Ila chicha de jora ni pombe, usichanganye.

Anti, ni kweli Waperu wanakula simbilisi?
*Baba Ney, Hyattsville*

Kweli, hasa milimani kama Cusco, anaitwa cuy, anachomwa au anakaangwa mzima. Hapa DC ni nadra kumkuta na akiwepo ujue alikuja amegandishwa. Usiwacheke lakini, ndugu zetu wa Kivu, kule Kongo, wanawafuga kwa ajili ya sufuria.

Anti, nataka kumtoa mke wangu sehemu ya hadhi, ya Kiperu lakini sio ya kubeba trei.
*Shem wa Bethesda*

Shem, nenda Causa pale Blagden Alley, DC, ina nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa bora, unakaa wanakuletea sahani moja moja walizopanga wao. Jiandae, sio pesa ya kuku. Kama mfuko umebana panda ghorofani kwao, kuna Amazonia, unachagua mwenyewe unachotaka na unalipia hicho tu, na mi binafsi huko juu ndo nafurahi zaidi maana unaweza kucheka kwa sauti. Bili ikija isome mpaka chini kabla hujaandika bakshishi, migahawa mingi ya DC siku hizi inaweka service, yaani hela ya huduma, yenyewe, ukiongeza asilimia 20 juu yake umelipa mara mbili.