Nyota za usalama na magari yaliyorudishwa

SWALI: Natafuta gari lililotumika kutoka Japani. Je, kampuni ambayo mara nyingi huita magari iliyouza yarudishwe kwa matengenezo ni ya kuepukwa, hata kama magari yake yana nyota tano?

JIBU: La. Nyota za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, hutolewa kwa masharti ya mwaka wa jaribio, ambayo hukazwa mara kwa mara, kwa hiyo nyota tano za 2009 hazilingani na za 2020. Hitilafu nayo huweza kutoka kwa mtengenezaji wa kipuri: mifuko ya hewa ya Takata, ambayo baruti ya kuijaza huharibiwa na joto na unyevu, iliwagusa Honda, Toyota, Nissan, BMW na wengine. Kwa mnunuzi wa Mombasa au Tanga, ningeanza kwa kuthibitisha, kwa namba ya chasisi, kwamba mfuko huo ulibadilishwa.