Maswali ya Wasomaji: Marais Wastaafu wa Marekani na Karatasi Walizoacha

Tunasikia rais wa Marekani akiondoka Ikulu hulipwa mpaka kufa. Ni kweli? Na aliyeondoka kwa kashfa naye hulipwa?
*Msomaji, Morogoro*

Ni kweli, tangu 1958. Kabla ya hapo rais aliyemaliza muda wake hakuwa na pensheni ya urais. Harry Truman alirudi Missouri Januari 1953 akiwa na pensheni ya jeshi tu, dola 112.56 kwa mwezi, na hali yake ndiyo iliyolisukuma Bunge kutunga Sheria ya Marais Wastaafu. Siku hizi malipo yanalingana na mshahara wa waziri: mwaka 2024 yalikuwa dola 246,400 kwa mwaka, mbali na ofisi, watumishi na ulinzi wa maisha.

Anayeikosa pensheni hiyo ni yule aliyeshtakiwa na Bunge, akatiwa hatiani na Seneti na kuondolewa. Hajatokea hata mmoja. Richard Nixon alijiuzulu Agosti 1974 kabla ya kufikishwa huko, kwa hiyo alilipwa hadi alipofariki 1994.

Wazee wetu Katanga husema Eisenhower ndiye aliyeamuru Lumumba auawe. Mwalimu wangu chuoni anasema hakuna ushahidi. Nimwamini nani? Na mtu wa kawaida anaweza kuzisoma karatasi zenyewe?
*Mwanafunzi wa historia, Lubumbashi*

Ushahidi upo. Kisichopatikana ni amri yenye saini.

Tarehe 18 Agosti 1960 Rais Eisenhower aliongoza kikao cha Baraza la Usalama wa Taifa. Muhtasari rasmi hauna agizo la kuua. Lakini Robert Johnson, mtumishi aliyekuwa akiandika muhtasari huo, aliiambia kamati ya Seneti mwaka 1975 kuwa alimsikia rais akitamka maneno ambayo yeye aliyaelewa kuwa amri ya kumuua Lumumba. Siku nane baada ya kikao, mkuu wa CIA Allen Dulles alipeleka simu ya maandishi Léopoldville (Kinshasa ya leo) akisema kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka linalotangulia mengine. Septemba, mkemia wa CIA Sidney Gottlieb akaifikisha sumu mjini humo. Haikutumika.

Lumumba alipigwa risasi tarehe 17 Januari 1961 karibu na mji wako, wakati huo ukiitwa Élisabethville, mikononi mwa watawala wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Zilibaki siku tatu Eisenhower akabidhi madaraka. Kamati ya Seneti iliona ushahidi unatosha kumfanya mtu mwenye busara aamini kuwa njama ya kuua iliidhinishwa na Eisenhower, ingawa mashahidi wengine walikanusha. Haikuona ushahidi kwamba CIA ilishiriki katika mauaji yenyewe. Kwa hiyo mwalimu wako amekosea, na wazee wamekwenda hatua moja mbele ya kinachothibitika: sumu ya Septemba na risasi za Januari ni mambo mawili, na kila moja lina karatasi zake.

Kuzisoma inawezekana, hata kutoka Lubumbashi. Anza na nyaraka za kidiplomasia zinazochapishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani: katika mfululizo wa 1964–1968, juzuu la 23 lote ni la Kongo, kuanzia 1960. Lilitoka 2013 na linasomwa bure kwenye tovuti ya ofisi ya mwanahistoria wa wizara hiyo. Palipofichwa maneno, mabano yanakueleza ni mistari mingapi imeachwa. Mabano hayo usiyaruke. Yanaonyesha ni wapi serikali bado inaona haya au hofu.

Kisha nenda maktaba ya Eisenhower iliyoko Abilene, Kansas. Pitia orodha za makusanyo mtandaoni, uandike mambo matatu: jina la mkusanyo, namba ya kasha na jina la jalada. Anayeandika "naomba kila kitu kuhusu Lumumba" hapati la maana, kwa sababu wahifadhi hawamfanyii mtu utafiti. Ndani ya jalada utakuta mahali pengine karatasi moja imewekwa badala ya waraka ulioondolewa. Inataja tarehe, aina ya waraka na idadi ya kurasa. Nakili maelezo hayo neno kwa neno, uombe waraka huo upitiwe upya ili uondolewe siri. Kuomba si lazima uwe raia wa Marekani. Ukikataliwa, kata rufaa. Inaweza kuchukua miaka, basi usiisubirie tasnifu.

Kosa la kawaida ni kuomba kwa Sheria ya Uhuru wa Habari. Karatasi za Ikulu za marais hadi Carter zilikabidhiwa serikali kwa hati ya zawadi, na sheria hiyo haizigusi. Nixon yuko peke yake: makubaliano aliyofanya baada ya kujiuzulu yangeruhusu kanda za mazungumzo aliyorekodi Ikulu ziharibiwe, Bunge likawahi kuzikamata mwaka 1974. Kuanzia Reagan karatasi ni mali ya umma. Hizo ndizo zinazoombwa kwa sheria hiyo, miaka 5 baada ya rais kuondoka, ila baadhi ya mambo huweza kufungiwa hadi miaka 12.

Carter anasifiwa kwa kumaliza mnyoo wa Guinea. Ni kazi ya kweli au ni sifa za mazishini?
*Msomaji, Kitale*

Ni kazi ya kweli. Mwaka 1986, taasisi yake ilipoanza kuiongoza kampeni, wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3.5 kwa mwaka. Mwaka 2024, mwaka aliofariki, walikuwa 15. Hakuna chanjo wala dawa. Mtu hunywa maji yenye viroboto-maji waliobeba vijidudu. Baada ya takriban mwaka mmoja mnyoo wa hadi mita moja hutoboa ngozi, kwa kawaida mguuni. Maumivu huunguza, mgonjwa huingiza mguu bwawani, na mnyoo hutema vijidudu vipya majini.

Kinga ni kuchuja maji kwa kitambaa cha nailoni, kuweka bwawani temefosi, dawa ya kuua viroboto-maji hao, na kumzuia mgonjwa asiingie majini. Mnyoo huzungushwa kijitini, sentimita chache kwa siku; ukivutwa kwa pupa hukatika, na kidonda huoza. Kilichochelewesha ushindi ni mbwa wa Chad, waliogunduliwa kuambukizwa tangu 2012, na sasa hufungwa kamba.

Uganda ilithibitishwa kuwa salama 2009, Kenya 2018, Kongo 2022. Sifa hizo ni za wahudumu wa vijijini pia. Wala hazifuti silaha ambazo serikali ya Carter iliiuzia Indonesia ilipokuwa ikiikalia Timor ya Mashariki.

Sanamu ya Theodore Roosevelt New York iliondolewa kwa sababu ya wanyama aliowaua Kenya?
*Msomaji, Mombasa*

Hapana. Ni kweli alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais, na yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, wengi kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Sanamu iliondolewa Januari 2022 kwa umbo lake: Roosevelt juu ya farasi, Mwafrika na Mwamerika Asilia wakitembea kwa miguu ubavuni. Jumba la makumbusho lililokuwa nayo mlangoni ndilo lililoomba iondolewe, Juni 2020.